Mmekuja kwa Nani?

Watoto wangu waliijua Tanzania ya upande mmoja tu. Sisi ni watu wa Kibosho, na kama Wachaga wengi wa Dar es Salaam, kila Desemba tunafunga mlango Tabata na kushika barabara ya kaskazini: Chalinze, Korogwe, Mombo, Same. Njia hiyo wanaijua kituo kwa kituo. Wanajua basi litasimama wapi kwa chakula, na mlima utaanza kuchungulia wapi kama hakuna wingu. Lakini ukiwauliza kusini kuna nini, binti yangu wa darasa la sita alikuwa akijibu "korosho", kwa sauti ile ile ya kujibu mtihani, na mdogo wake wa darasa la pili alisema kusini kuna Mbagala.

Likizo ya Juni ndiyo likizo isiyo na mwenyewe. Ya Desemba ni ya kwenda nyumbani, haina mjadala. Ya Juni mtoto wa mjini anaimalizia tuisheni, au mbele ya katuni, au anahamishwa kutoka sebule ya mama mkubwa kwenda ya shangazi mpaka shule zifunguliwe. Na mwakani binti yangu anaingia darasa la saba. Mzazi mwenzangu anajua maana yake: likizo inageuka kambi ya masomo, na mtoto humpati tena mpaka mtihani wa Septemba upite. Nikamwambia baba yao kwamba mwaka huu nawachukua, tunakwenda kusini kwa basi, pole pole, kuanzia Kilwa mpaka tutakapochoka. Yeye kazi haikumruhusu. Aliahidi kutuma fedha kwa simu tukikwama, ahadi aliyokuja kuijutia tulipofika Lindi.

Kazini walidhani nimefiwa. Mtanzania akisafiri na watoto katikati ya mwaka, tena si kwao, basi kuna msiba, harusi au mgonjwa. Kutalii maana yake ni Zanzibar, au mbuga, na mbuga maana yake ni gari la kukodi, mafuta na gesti zenye bei za kutisha. Sina ugomvi na tembo. Ila naona tumewazoesha watoto kwamba nchi yao ni wanyama, na watu wanaoishi humo ni wapita njia. Tena kusini kuna sifa yake ya zamani. Wazee waliotumikia serikali wanakumbuka barua ya uhamisho wa Lindi au Mtwara ilivyopokelewa: majirani walikuja kukupa pole.

Tuliondoka Mbagala kabla jua halijatoka. Vikindu, Mkuranga, Kibiti. Machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara, na ubaridi ule wa kipupwe unaoingia dirishani kila mtu akijifanya hausikii. Konda alipotangaza kuchimba dawa, mwanangu aliuliza kwa sauti ni dawa gani tunachimba na kwa nini wanaume wanachimba upande mmoja na wanawake upande mwingine. Basi zima lilicheka. Kuanzia hapo akawa mtoto wa abiria wote. Alipewa karanga, alipewa ndizi, akapakatwa na mama mmoja aliyeshuka Ikwiriri.

Kwenye Daraja la Mkapa mzee wa siti ya nyuma aliinama akatuambia tutazame vizuri. Daraja lina mita 970 juu ya Rufiji, na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo palikuwa na kivuko pale Ndundu, na mzee alikuwa na hesabu yake ya maisha kutokana na kivuko hicho: biashara gani ilioza akiwa kwenye foleni, nani alijifungua pale, ndugu gani walifika msibani maiti imeshazikwa. Mvua zikishika, kusini ilikuwa inafungwa kama duka. Binti yangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa nini madaraja hayamo kwenye somo la historia. Mdogo wake alikuwa dirishani anatafuta mamba. Hakumwona, na hilo akalihesabu kuwa kosa la dereva.

Mohoro tulipita upesi mno. Nilitaka kuwaonyesha, kwa sababu hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa milima ya Umatumbi kung'oa pamba na kuanzisha Vita vya Maji Maji. Nilinyoosha kidole, basi likapinda, na kilichokuwa mbele ya kidole changu kikawa banda la kuuza mkaa.

Somanga basi lilisimama na watu wakashuka kwa kasi ya watu wanaojua wanachokitaka. Ni samaki. Samaki wa kukaanga, mkavu, wa moto, unayemla umesimama huku mafuta yakishuka mkononi. Hapo hapo Somanga ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapotoka baharini na kuanza safari ya kwenda Dar es Salaam, tangu mwaka 2004, kuwasha mitambo ya umeme ya Ubungo. Niliwaambia watoto kwamba katuni wanazotazama Tabata zimepitia hapa. Mdogo alitazama bahari, akatazama samaki wake, akasema basi huku umeme hauwezi kukatika. Muuza samaki alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akatuambia kilichokatika kwao ni barabara: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipobeba madaraja ya huku, malori yalilala njiani siku kadhaa, na samaki wake akawala mwenyewe na wanawe.

Kilwa Masoko ndipo tulipoulizwa kwa mara ya kwanza: "Mmekuja kwa nani?" Aliuliza dereva wa bajaji, kwa upole, baada ya salamu zote kwisha. Nikamwambia hatujaja kwa mtu, tumekuja kutembea. Alinyamaza kidogo akiipima habari hiyo. Mwenye nyumba ya wageni naye akauliza. Mama lishe akauliza. Kwenye ofisi ya kibali cha kuvukia Kilwa Kisiwani, kijana aliyekuwa akiandika majina yetu aliinua macho akauliza pia, kisha akatuonyesha kitabu cha wageni, na kwenye ukurasa ule majina yalikuwa ya Ulaya karibu yote. Mwanangu aliandika jina lake kwa herufi kubwa, likavuka mstari wake na kuingia wa jirani.

Kuvuka si mbali. Kisiwani unakiona kikiwa mbele yako tangu gatini. Lakini Juni ni mwezi wa kusi, na mlango wa bahari ulikuwa na mawimbi mafupi yenye hasira. Tulivalishwa majaketi ya kuokolea, la mwanangu likimfika magotini. Nahodha, mzee mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake, alituambia tutazame mbele na tusitazame maji, na hapo hapo akaanza kusimulia, nadhani kwa makusudi ili watoto wasiogope.

Kisiwa hiki, alisema, kilinunuliwa kwa nguo. Ndivyo inavyosimulia tarehe ya kale ya Kilwa. Alikuja mtoto wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Hassan, akamkuta mwenye kisiwa, akamwomba amuuzie. Mwenye kisiwa akataja bei: nguo ya kukizunguka kisiwa chote. Mshirazi akazitoa, akazitandaza pwani pande zote mpaka ncha zikakutana, yule mwenyeji akazikusanya akavuka bara. Kisha akajuta, akapanga arudi na jeshi maji yakipwa, maana zamani maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Mshirazi akajua, akauchimba mlango wa bahari kwa dua usiku kucha, na asubuhi maji hayakupwa tena. "Ndiyo maana leo mnanilipa nauli," alimaliza nahodha.

Wanahistoria wana mashaka mengi juu ya hao Washirazi, na yaliyochimbuliwa ardhini yanaonyesha mji ulioanzishwa na kukuzwa na watu wa pwani wenyewe. Mwanangu hakuwa na mashaka hayo. Yeye alitaka kujua ni doti ngapi za khanga. Tulipotia mguu mchangani alianza kupima kwa hatua zake, khanga moja hatua mbili ndefu, akaendelea hivyo mpaka mikoko ikamzuia. Akaniambia yule mwenye kisiwa alidhulumiwa, maana kwenye mikoko nguo haiwezi kulala vizuri.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa pale pale Kisiwani. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na kwa sababu aliongea na watoto kama watu wazima. Alitupitisha kwenye Gereza, ngome ya ufukweni ambapo Wareno waliweka yao ya kwanza mwaka 1505, baada ya kuupora mji, na ambayo sehemu kubwa unayoiona leo ni kazi ya Waomani wa baadaye sana. Wavuvi walikuwa wameanika nyavu mbele yake. Kisha msikitini. Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili: ya kaskazini ndogo, ya karne ya 11, na ya kusini kubwa, iliyojengwa baadaye na kurekebishwa mara kadhaa, yenye nguzo na kuba zilizojipanga mpaka jicho linapotea. Yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Watoto waliambiwa wavue viatu, ingawa pale hapaswaliwi tena, na nikaona hilo limewatuliza kuliko maneno yangu yote. Binti yangu alisimama chini ya kuba moja akatazama juu kwa muda mrefu. Akauliza waliijengaje bila kuanguka. Mzee akamweleza: unaanza na boriti za mikoko na mbao za kushikilia, unapanga mawe na chokaa juu yake, unasubiri chokaa ikauke na kushika, kisha unaondoa mbao. "Ukiondoa mapema?" "Unajenga tena, mwanangu. Hata hawa walijenga tena."

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika hapa kutoka Mombasa, akauona mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akamsifu sultani kwa ukarimu. Sultani mwenyewe alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na ikulu yake, Husuni Kubwa, iko mwendo wa nusu saa kwa mtu anayeburuta mtoto wa darasa la pili. Iko juu ya jabali, bahari chini yake. Vyumba zaidi ya mia moja, ua baada ya ua, na katikati bwawa la kuogea la pembe nane. Watoto wote wawili walizihesabu pembe, wakabishana, wakahesabu tena. Utajiri huo ulitokana na dhahabu ya Sofala, iliyotoka bara, kwenye nchi za Zimbabwe Kuu, ikapita mikononi mwa Kilwa kwenda Arabuni na Bara Hindi. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na sarafu yenye jina la sultani huyu ilikuja kuokotwa huko Zimbabwe Kuu kwenyewe. Tano nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mtu ana hadithi yake. Mwanangu alisema zilianguka mfukoni mwa mtu aliyekuwa akivua samaki, na mzee alisema hilo ni jibu zuri kama mengine aliyowahi kuyasikia kwa wataalamu.

Mjukuu wa mzee alitufuata tangu msikitini, msichana wa umri wa binti yangu, kitabu cha chuoni kifuani. Magofu hayakumshughulisha, ameyaona tangu azaliwe, mbuzi wao wanalala humo. Alichotaka ni habari za mwendokasi, mabasi ya Dar es Salaam. Je, ni kweli milango inajifunga yenyewe? Je, ni kweli watu wanaingilia dirishani? Binti yangu, aliyekuwa amejikunyata siku zote kwa haya ya ugeni, alijikuta mtaalamu. Wakakaa juu ya ukuta wa karne ya 14 wakazungumza habari za foleni ya Kimara. Niliwaacha. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu kuhusu Vasco da Gama kufika hapa mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala alipe kodi, na nikaona Vasco da Gama anaweza kusubiri.

Kilwa Kivinje sikutaka kuwapeleka, kisha nikawapeleka. Ni mji wa bara, kaskazini ya Masoko, wenye milango ya kuchonga inayoliwa na mchwa na nyumba za ghorofa zilizoinamia barabara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, na iliowaleta walikuwa watu waliofungwa shingo. Baadaye Wajerumani wakajenga boma, na wakati wa Maji Maji wakanyonga watu kwenye mwembe mmoja ambao wenyeji waliuita Mwembe Kinyonga. Mnara wa kumbukumbu upo. Mambo haya unamwelezaje mtoto wa miaka minane? Mimi nilimweleza kwa ufupi na bila kupaka rangi, akauliza kama na watoto walifungwa, nikasema ndiyo, akanishika mkono mpaka tulipofika sokoni. Dada yake alikuwa na swali lingine. Darasani wamefundishwa kwamba wapiganaji waliamini maji yatageuza risasi. "Waliamini kweli, mama, au walisema tu?" Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alimsikia. Akamwita, akaitikia shikamoo yake, akamwambia: "Ukilimishwa pamba bure, ukachapwa na kodi ukadaiwa, mtu akakwambia kuna maji, wewe ungesemaje?" Binti yangu alikosa jibu, na mzee hakumlazimisha. Aliongeza tu kwamba waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko wa risasi, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa. Hilo, alisema, bibi yake alimsimulia akiwa bado anaficha chakula uvunguni, miaka na miaka baada ya vita.

Lindi tulifika tumechoka na tumelowa, kwa sababu dirisha la basi halikufunga. Mji ni mzuri kwa mtu asiye na haraka: ghuba pana, minazi, vivuko vya kwenda Kitunda ng'ambo, na pweza wa kuchoma jioni anayekatwa vipande na kutiwa pilipili mbele yako. Watoto walipata homa ya mafua wakabaki ndani, na hapo ndipo simu ya kuomba fedha ilipopigwa. Nikatumia muda huo kuwasimulia mjusi.

Kaskazini-magharibi ya Lindi, ndani porini, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba pale mifupa ya wanyama waliokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wanasema wataalamu, lakini waliochimba kwa majembe na sururu walikuwa mamia ya watu wa huku, wakisimamiwa na mwenyeji, Boheti bin Amrani, ambaye jina lake Wajerumani wenyewe waliliandika kwa heshima. Mifupa ilifungwa kwa vifurushi vya mianzi na udongo, ikabebwa kichwani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, tani zaidi ya 200 kwa jumla. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, miongoni mwa viunzi virefu zaidi vya dinosaria vilivyosimamishwa ndani ya jumba la makumbusho. Bungeni Dodoma suala la kumrudisha limeulizwa mara nyingi.

Mwanangu, pua imeziba, aliketi kitandani. Yuko wapi sasa? Berlin. Tunaweza kwenda kumwona? Inahitaji ndege. Na pale alipochimbwa? Kuna pori na kibao, na njia ya huko gari dogo haliwezi. Aliwaza. "Kwa hiyo sisi tumefika kwake, yeye hayupo." Mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa ameleta chai ya tangawizi, alisema maneno hayo hayo angeyasema babu yake, maana babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi, au ndivyo ukoo unavyosema. Lindi nzima, niligundua, kila ukoo una babu aliyebeba mfupa.

Mtwara nitaipita haraka kama tulivyoipita. Ni mji uliopangwa kwa barabara pana kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine: baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walitaka kulima karanga eneo kubwa kule Nachingwea, wakajenga bandari na reli ya kuzitoa. Karanga zilikufa, reli ikang'olewa, bandari yenye kina ikabaki, na siku hizi ndiyo inayopakia korosho. Mikindani, jirani yake, ni ya kale na imekaa vizuri zaidi. Hapo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Watoto walioga baharini Msimbati mpaka vidole vikakunjamana, na hawakutaka kusikia habari za mtu yeyote aliyekufa zamani. Nikakubaliana nao.

Kutoka hapo barabara inapanda. Uwanda wa Makonde ni mikorosho mpaka macho yanachoka, na Juni wakulima wanaanza kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Chini ya miti udongo ulikuwa wa manjano. Vijana walitembea na mabomba mgongoni, nyuso zimefungwa vitambaa, na harufu ilituingia ndani ya basi. Binti yangu, yule wa "korosho", alikohoa akasema hili hawakuambiwa darasani.

Newala ni baridi. Unajua uko kusini kabisa mwa nchi, unategemea joto, unakuta watu wamejifunga vitenge viwili viwili. Tulikwenda Shimo la Mungu, mahali uwanda unapokatika ghafla na dunia yote inaanguka chini yako, mabonde na misitu ikishuka kuelekea Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Watoto walinyamaza, jambo ambalo kwa safari nzima lilitokea pale na msikitini tu. Kando alikuwepo mama mmoja anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo Mtwara na Lindi wanavila kama sisi tunavyokula karanga. Akatumenyea. Akatuambia utotoni mwake wanawake walishuka mteremko ule alfajiri kuteka maji na kupanda nayo kichwani, kwa kuwa juu uwandani maji hayakuwepo, na mpaka leo bomba likikatika kila mtu anakumbuka njia. Akatuonyesha kwa kidole upande wa Msumbiji: kule ana dada, kule aliolewa shangazi yake, wakati wa vita vya ukombozi watu walivukia huku, na wengine hawakurudi.

Kisha akauliza tumekuja kwa nani. Kabla sijafungua mdomo mwanangu akamjibu, "Kwako." Alijibu hivyo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na alitaka ming'oko mingine. Mama yule hakulichukulia kama mzaha. Alifunga biashara, akatubeba sisi na mabegi yetu mpaka kwake, na gesti niliyokwisha kuilipia ikalala tupu. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko ya kesho yake, tukalala chumba kimoja na wajukuu zake, na asubuhi binti yangu alikwenda nao kukata matawi ya mikorosho akarudi na malengelenge anayoyaonyesha kama nishani.

Gharama ya safari hiyo niliyoiandika kwenye daftari ilikuwa nauli, gesti, samaki na dawa za mafua. Nyingine ilianza Septemba, siku ya mitihani ya darasa la saba, simu ilipoita saa kumi na moja alfajiri: yule mama wa Newala yuko Mbagala, ameshuka sasa hivi, ana gunia, amekuja kutibiwa macho, na anaomba aelekezwe kwa wajukuu zake wa Tabata. Alikaa kwetu karibu mwezi. Binti yangu alihamia kwenye kochi. Mume wangu, ambaye hakuwahi kufika Newala, sasa anajua bei ya korosho ghafi kwa kila mnada na anailalamikia kama mkulima. Juzi amepiga tena: mjukuu wake wa pili amechaguliwa kidato cha tano shule moja ya Pwani, anataka kujua ashukie wapi, na kama kochi lipo.